Maswali ya Wasomaji: Lisbon, Sherehe za Juni na Dhahabu ya Kilwa

Maswali mengi ya safari hii yamehusu Lisbon, mji mkuu wa Ureno: sherehe za Juni, makumbusho, chakula, na swali moja la historia ambalo tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine. Nauli na bei za tiketi hupanda na kushuka, kwa hiyo tumeziacha isipokuwa pale zinapohitajika.

Likizo yangu inaanza tarehe 13 Juni. Nimesoma kwamba hiyo ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Antoni na kwamba Lisbon yote husherehekea. Nikifika asubuhi ya siku hiyo nitakuta nini? (Msomaji, Nakuru)

Utakuta mafagio. Sherehe ya Lisbon ni ya mkesha. Inaanza jioni ya tarehe 12 na kuendelea usiku kucha, na kukicha watu wamelala huku manispaa ikiosha barabara. Tarehe 13 ndiyo siku aliyofariki Antoni mwaka 1231 huko Padua. Lisbon, alikozaliwa karibu mwaka 1195, imeifanya kuwa sikukuu ya jiji, na hapo ndipo wageni hukwama: ofisi zimefungwa, maduka mengi yamefungwa, na makumbusho ya serikali yaliyomo jijini, pamoja na Monasteri ya Jerónimos, nayo yamefungwa. Anayepanga kwenda makumbusho siku hiyo kwa kudhani sikukuu ndiyo siku ya kufungua milango, hugonga ukuta.

Kama likizo haisogei, bado kuna maandamano ya kidini ya jioni. Kwa kawaida huanza saa 11 kwenye kanisa la Mtakatifu Antoni, lililojengwa mahali panapoaminika kuwa ndipo alipozaliwa, hatua chache tu chini ya kanisa kuu la Sé, kisha huzunguka vichochoro vya Alfama, mtaa wa kale wa jiji. Kanisani hapo waumini hupata vimikate vilivyobarikiwa, na wapo wanaouhifadhi mkate huo nyumbani hadi mwaka unaofuata. Mabanda ya vyakula nayo hayavunjwi siku moja. Mitaa kadhaa huendelea na sherehe zake, hasa mwisho wa wiki, mpaka Juni iishe. Lakini ukiweza kumwomba bosi siku moja ya nyuma, iombe.

Magwaride ya mitaa yanayopita barabara kuu usiku huo, ni lazima kununua tiketi? Nisimame wapi? (A.K., Arusha)

Magwaride hayo huitwa *marchas populares*, na ni mashindano. Alfama, Bica, Mouraria, Madragoa, Marvila na mitaa mingine kila mmoja huleta kikosi chenye mavazi yake, nyimbo zake, bendi ndogo ya matarumbeta, na matao ya rangi yanayobebwa juu juu huku watu wakicheza. Yalianza mwaka 1932 na ushindani wake haujapoa. Mazoezi huanza miezi kabla, na mtaa ulioshindwa hulalamikia waamuzi kama mashabiki wa mpira.

Kuna nafasi mbili za kuyaona. Ya kwanza ni mwanzoni mwa Juni, ndani ya ukumbi mkubwa ulioko Parque das Nações, kwa siku kadhaa mfululizo. Hapo unalipa, unakaa kitini, na kila kikosi unakiona kikicheza mchezo wake mzima. Ya pili ni usiku wa tarehe 12 kwenye Avenida da Liberdade. Kusimama kando ya barabara ni bure. Majukwaa ya viti ndiyo yenye tiketi. Kwa maoni yetu, anayependa kuona uchezaji wenyewe aende ukumbini. Barabarani kikosi hujimwaga kikamilifu mbele ya waamuzi, na sehemu nyingine kinapita tu kikiimba. Unachopata barabarani ni msisimko wa umati, nao una utamu wake.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kufika saa 3 usiku, wakati vikosi vinaanza, ukaambulia kuona visogo vya watu. Fika saa 12 au saa 1, ukiwa umeshakula. La pili ni kutaka kuona magwaride yote mpaka mwisho, kupita saa sita usiku, halafu ndipo uingie Alfama. Saa hizo vichochoro vyake vimejaa pomoni na hakuna kusogea. Fanya kinyume: tembea Alfama tarehe 11 jioni, au tarehe 12 mchana wanapowasha majiko, kisha uende Avenida. Tramu namba 12 na 28 usiku huo hukatizwa au kubadilishiwa njia, na teksi haziingii mitaa ya zamani. Kutoka Alfama, teremka kwa miguu hadi stesheni ya Santa Apolónia. Metro hutangaza saa zake za usiku huo kila mwaka, zitazame kabla. Kubalianeni pa kukutana mkipoteana, kwani simu hugoma palipo na watu wengi hivyo. Na simu yenyewe iwe mfuko wa mbele. Wezi nao husubiri Juni.

Chukua sweta. Mchana joto huweza kufika nyuzi 27, lakini usiku upepo wa mtoni huiteremsha hadi 16 hivi.

Sisi ni familia ya Kiislamu tunaoishi Muscat, asili yetu Unguja. Tunasikia sherehe hizo ni za samaki wa kuchoma. Tunaweza kula bila wasiwasi? (Umm S., Muscat)

Samaki wenyewe hawana tatizo, tatizo liko kwenye wavu wa kuchomea. Sadini huchomwa mzima mzima, pamoja na matumbo yake, kwa chumvi ya mawe tu. Lakini banda hilohilo, mara nyingi juu ya wavu uleule, huchoma vipande vya nguruwe na soseji ziitwazo *chouriço*, na mafuta yanadondokea makaa yaleyale. Uliza kabla ya kuagiza: «Tem porco nesta grelha?», yaani kuna nguruwe kwenye wavu huu? Wauzaji hawachukii kuulizwa. Vibanda vya jioni mapema, ambavyo ndiyo kwanza vinatandaza makaa, ni rahisi zaidi kuviamini.

Vingine vya kuangalia: *bifana*, mkate unaouzwa kila kona, ni wa nguruwe siku zote. *Caldo verde* inadanganya kwa sura. Ni supu ya viazi vilivyopondwa na majani kama ya sukuma wiki yaliyokatwa nyembamba sana, lakini huwekwa kipande cha *chouriço* ndani, na kuking'oa hakuisafishi supu iliyopikwa nayo. *Ginjinha* ni pombe ya matunda ingawa huuzwa katika vikombe vidogo vinavyopendeza watoto.

Kuhusu sadini yenyewe: hunona kiangazi, pale upepo wa kaskazini unapoyainua maji baridi yenye chakula kingi kutoka kilindini. Kwa hiyo yule wa Agosti kwa kawaida ni mnene kuliko yule wa mwanzo wa Juni, na usiku wa Mtakatifu Antoni, wateja wanapofurika, wapo wanaochoma waliogandishwa. Utawajua: tumbo limepasuka, ngozi imebaki kwenye wavu, nyama inamomonyoka. Sadini mzuri hutoka mzima. Huwekwa juu ya kipande cha mkate. Menya ngozi, inua minofu kwa vidole kutoka kwenye mwiba, na mkate uliokunywa mafuta uwe wa mwisho.

Mkitaka chakula halali bila maswali, nendeni Rua do Benformoso karibu na Martim Moniz, ambako Wabangladeshi na Wapakistani wana migahawa mingi. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha. Ulifunguliwa mwaka 1985, na waliouanzisha wengi wao walitokea Msumbiji. Kumbukeni pia kwamba wakati huo wa mwaka jua huzama kama saa 3 usiku, kwa hiyo Magharibi huingia magwaride yanapoanza.

Nilinunua kimti cha mrehani huko Lisbon nikaja nacho Rotterdam. Baada ya siku kumi kimekauka. Nilikosea wapi? (Msomaji, Rotterdam)

Pengine hukukosea kikubwa. *Manjerico*, mrehani wa majani madogo unaouzwa kila mahali Juni ukiwa na ua la karatasi na kibendera chenye shairi la mistari minne, hupandwa ili upendeze siku chache. Antoni huko anajulikana kama mpatanishi wa wachumba, na kijana humpelekea mpenzi wake chungu hicho. Umbo lake la mpira linatokana na miche mingi iliyobanana ndani ya chungu kidogo sana. Mizizi inajaa, udongo unakauka ndani ya saa chache, kisha mwenye chungu kwa huruma anaumwagia maji juu. Majani yaliyosongamana hayakauki, ukungu unaingia katikati, na kimti kinageuka cheusi kuanzia ndani.

Ukinunua mwingine, uhamishie siku ya kwanza kwenye chungu kikubwa zaidi chenye tundu chini, bila kuvunja donge la mizizi. Mwagilia kupitia kisahani: weka maji asubuhi, yaache nusu saa, yaliyobaki yamwage. Uweke dirishani penye jua la asubuhi. Kata vichwa vya maua vinapochomoza, kwa sababu ukishatoa mbegu unakufa. Kwa matunzo hayo unaweza kufika Septemba. Baridi ya Oktoba itauua tu, ni mmea wa mwaka mmoja.

Na desturi moja: hawaunusi kwa kuinamisha pua juu yake, wanasema utanyauka. Unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja. Wasomaji wanaofikiria kuupeleka Afrika Mashariki wajue kwamba mmea wenye udongo hauingii bila kibali na cheti cha afya ya mimea. Utaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.

Mimi ni mwalimu wa historia, Lindi. Wanafunzi huniuliza kama ni kweli dhahabu ya Kilwa iko Ureno mpaka leo. Je, ipo mahali mtu anapoweza kuiona?

Ipo, mwalimu, na yeyote anayefika Lisbon msimu wowote anaweza kwenda kuitazama. Iko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Chombo chenyewe kinaitwa Custódia de Belém. Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyesha Ekaristi, cha dhahabu na enameli za rangi, chenye kimo cha sentimita 73 hivi.

Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na meli za mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahimu, kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa kodi. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500 za dhahabu, yaani zaidi ya kilo 6. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuishika biashara hiyo. Gama alirudi nayo Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel I akaamuru itengenezewe monstransi, kazi ambayo huhusishwa na sonara Gil Vicente, ikakamilika mwaka 1506. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 1505, kamanda wa Kireno Francisco de Almeida alikuwa ameshaivamia Kilwa yenyewe, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Kodi haikuwa imewanunulia watu wa Kilwa amani yoyote.

Jambo la kuwaonyesha wanafunzi ni maandishi. Kuzunguka kitako cha chombo pameandikwa, kwa Kireno cha wakati ule, kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, *Quiloa*, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Ni nadra sana mali iliyotwaliwa kwa nguvu kubeba risiti yake mwilini namna hiyo. Ili kuyasoma itabidi uiname na kuzunguka kabati la kioo polepole. Juu ya maandishi utaona maua, ndege na konokono wa enameli. Kwenye shina kuna matufe yaliyoundwa kwa pete zinazopishana, nembo ya Manuel. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Juu yao njiwa mweupe. Na kileleni Mungu Baba.

Tahadhari moja. Makumbusho hayohayo yana monstransi nyingine maarufu, Custódia da Bemposta, ya karne ya 18, iliyojaa vito. Inang'aa zaidi, na wageni huipiga picha wakidhani ndiyo yenyewe. Mtajie mlinzi jina kamili: Custódia de Belém.

Basi namba 714 kutoka Praça da Figueira hupita mtaa huo, na ukilipanda tena kuelekea mbele linakufikisha Belém kwenye Monasteri ya Jerónimos, ambako chombo hicho kilikusudiwa kukaa. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, karibu na mlango; masalia yake yaliletwa hapo mwaka 1880. Kuingia kanisani ni bure. Tiketi ni ya ua wa ndani wa monasteri, na foleni yake iko juani. Nunua tiketi yenye saa kupitia intaneti, au uridhike na kanisa.

Makumbusho hufungwa siku gani, na ni kweli Jumapili ni bure? (Msomaji, Kigali)

Ya serikali hufungwa Jumatatu. Ya Gulbenkian na MAAT, makumbusho ya sanaa ya taasisi binafsi, hufungwa Jumanne. Ukikaa siku mbili tu na ukachanganya hayo mawili, utazunguka milango iliyofungwa. Ongeza 1 Januari, Jumapili ya Pasaka, 1 Mei, 13 Juni kama tulivyosema, na 25 Desemba. Kwa kawaida dirisha la tiketi hufungwa nusu saa kabla ya mlango.

Jumapili za bure katika makumbusho ya serikali zilibadilika Agosti 2024. Sasa ni siku 52 kwa mwaka, siku yoyote, kwa anayeishi Ureno tu na anayeweza kuthibitisha. Mgeni hulipa. Fursa yake ya bure ni Usiku wa Makumbusho wa Ulaya, Jumamosi iliyo karibu na 18 Mei, pale mengi yanapofunguliwa hadi usiku. Kabla ya kwenda popote hakikisha pako wazi: ukarabati umefunga majengo kadhaa makubwa ya Lisbon kwa miezi mingi.

Je, mtu asiyependa zogo la Juni aende lini? (J.M., Dodoma)

Aprili na Mei, bila kusita. Tarehe 25 Aprili ni kumbukumbu ya mapinduzi ya 1974 yaliyoangusha udikteta wa Ureno, na alasiri maelfu hushuka Avenida da Liberdade na maua mekundu ya kanesheni. Kabla ya hapo pita Museu do Aljube, nyuma ya Sé: lilikuwa gereza la kisiasa, limekuwa makumbusho tangu 2015, na linaeleza pia mapambano ya makoloni. Mtanzania atakuta historia anayoijua, maana Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya Msumbiji ni sehemu ya kilichowachosha wanajeshi waliopindua serikali ile.

Mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni kuna maonyesho ya vitabu kwenye bustani ya Eduardo VII, yaliyoanza mwaka 1930. Jioni za Jumatatu hadi Alhamisi huwa na saa moja ya mwisho ya punguzo, nusu bei au chini yake kwa vitabu ambavyo si vipya. Njoo na mfuko wako, na anza upande wa juu wa bustani ili utembee ukiteremka.

Agosti ina jazi ya wazi katika bustani za Gulbenkian, tamasha lililoanza 1984, lakini maduka na migahawa mingi midogo hufungwa, wenyewe wakiwa ufukweni. Ukienda, tazama pia kituo cha sanaa ya kisasa cha hapohapo, kilichofunguliwa upya Septemba 2024 kwa usanifu wa Kengo Kuma. Oktoba ni ya filamu za hali halisi, Doclisboa. Novemba mvua huanza, na mawe ya chokaa yanayotandikwa njiani yakilowa huteleza kama sabuni.

Nitasafiri na mama mwenye maumivu ya magoti. Vilima vya Lisbon atavimudu? (Msomaji, Kisumu)

Vingi ataviepuka. Kupanda upande wa ngome ya São Jorge, ingieni lifti ya bure ya Rua dos Fanqueiros; mkitoka juu, vukeni Rua da Madalena hadi lifti ya pili, ile ya Chão do Loureiro iliyo kwenye jengo la supamaketi. Au pandeni basi dogo namba 737 kutoka Praça da Figueira linalofika mlangoni pa ngome. Tramu 28 msiitegemee, hujaa na mama atasimama njia nzima. Usiku wa tarehe 12 mnunulieni kiti kwenye jukwaa la Avenida, au mtazame magwaride hotelini, hurushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa.

Viza na malazi, tuanze lini? (Msomaji, Morogoro)

Ombi la viza ya Schengen, ile ya pamoja ya Ureno na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Kwa safari ya Juni, peleka Februari au Machi, kwani miadi ndiyo inayochelewesha kuliko uamuzi wenyewe. Bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza, abebe kibali na pasipoti.

Malazi ya wiki ya tarehe 12 huisha mapema. Usilale Alfama, Bica wala Mouraria kama unataka usingizi, spika huwa chini ya dirisha. Tafuta Arroios, Alameda au Avenidas Novas, karibu na metro. Manispaa hutoza kodi ya wageni ya euro 4 kwa kila mtu kwa usiku, isiyozidi siku 7. Watoto wa chini ya miaka 13 hawalipi. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona ulipoweka chumba.